Maji Katika Chupa ya Ama Akonaay

Dakta Eliakimu amezikwa kwao Marangu mwezi uliopita, migombani, kama wanavyozikwa Wachaga wenye kwao. Nilipanda basi la alfajiri kutoka Karatu, na magoti yangu haya, nikafika wasifu wa marehemu umeshaanza kusomwa. Walisoma shule zake zote, vyuo vyake, safari za ng'ambo, wajukuu. Mwaka wa Karatu ulipata sentensi moja tu, kwamba aliwahi kufanya utafiti wa dawa za asili mkoani Arusha. Nilikaa nyuma karibu na masufuria, mahali ninapojua kukaa, maana nimewapikia watalii kwenye makambi ya Ngorongoro miaka thelathini na siwezi kupita sufuria la mtu bila kulichungulia. Baada ya mazishi mjane alizunguka akishika watu mikono. Alipofika kwangu akauliza mimi ni nani wa marehemu. Nikasema nilimfanyia kazi mwaka mmoja, Ganako, zamani sana. Akanitazama vizuri. "Ni wewe wa panya," akasema. Nikajibu, ndiyo mama, ni mimi wa panya. Kisha alinijazia sahani kwa mkono wake mwenyewe, ndizi na nyama na maharage juu, na mimi nikala zote, kwa sababu tumbo langu halina ugomvi na chakula. Hilo nalo lina habari yake, na pale msibani mtu pekee aliyeijua alikuwa mimi, nikakaa kimya nikatafuna. Sasa nimerudi nyumbani na kimya kimenichosha.

Ukoo wangu hauhusiki hapa, tuuache upumzike. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, miaka ile ya kupanga foleni ya sabuni, nami nilikuwa na umri wa miaka ishirini na moja, cheti cha kidato cha nne na tumbo bovu. Cheti nilimwonyesha kila mtu. Tumbo nililificha. Lilianza nikiwa shule ya bweni, moto wa chini ya kifua uliokuja saa nne asubuhi ukarudi tena jioni, na kila nilipokula makande nilijikunja kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Zahanati walikuwa na vidonge vyeupe vya kutafuna, vikiwepo, na mara nyingi havikuwepo. Dakta Eliakimu alipofika kutafuta msichana mwenye mwandiko mzuri, anayesema Kiiraqw na Kiswahili, na mwenye afya njema, nilikuwa na viwili katika vitatu, na cha tatu nikadanganya. Yeye hakuwa daktari wa kutibu, alikuwa mkemia wa taasisi moja ya Dar es Salaam, mrefu, mwenye miwani mizito na shati lililopigwa pasi hata siku za matope. "Sitaki mgonjwa ndani ya nyumba hii," aliniambia siku ya kwanza. "Mgonjwa atakunywa dawa, na akinywa dawa mimi nitapima nini?" Akaahidi kwamba mwaka ukiisha salama ataniandikia barua ya kuingia chuo cha mafundi wa maabara. Kwa wakati ule, kwa msichana wa kwetu, mlango mwingine ulikuwa kuolewa, na aliyekuwa akinichumbia alikuwa na meno manne.

Nyumba yenyewe, pale Ganako kando ya Karatu, ilikuwa duka lililokufa, vyumba vitatu vya saruji na bati. Chumba cha mbele kilikuwa ofisi ya Dakta, chenye mizani, vitabu na friji ya mafuta ya taa iliyokuwa ikitoa moshi kuliko baridi. Cha kati kilikuwa cha kukaushia majani na magome kwenye chekecheke za waya, na harufu yake iliingia kwenye nywele isitoke. Cha nyuma kilikuwa cha panya. Walikuwa panya weupe walioletwa kutoka Dar kwenye masanduku, macho mekundu, na dirisha lao lilizibwa kwa wavu na mbao ili nyoka wasiingie, hivyo halikufunguliwa mwaka mzima. Mimi nililala stoo, ubavuni mwao, katikati yetu ukuta wa mbao tu. Niliwasikia wakikuna, nao bila shaka walinisikia nikigumia. Na lango la nje lilikuwa na kufuli, kwa sababu dawa zilikamuliwa kwa spiriti, na habari kwamba pale Ganako kuna madebe ya spiriti safi ya serikali ilienea Karatu nzima ndani ya wiki moja. Walevi wenye adabu zao walikuja mpaka langoni kuuliza kama mradi unahitaji watu wa kujaribiwa. Basi Dakta alifunga saa kumi na mbili jioni, ufunguo akautia mfukoni, na mpaka asubuhi tulikuwa ndani, yeye, mimi na panya. Wakati wa masika hata mchana kulikuwa hakuna pa kwenda, udongo mwekundu ulikuwa ukikuvua viatu. Nikiwaangalia wale panya wakizunguka kwenye waya nilikuwa nasema nao, jamani, angalau ninyi hamkudanganya kuingia humu.

Kazi ilikuwa hivi. Waganga kumi na mmoja walikuwa wamekubali kuleta dawa zao. Dereva wetu, Lazaro, Mmasai wa Ngorongoro mwenye utani usioisha, alileta za waganga wa kwao, magome ya miti ya kreta na mizizi ya huko Sale, hasa ya maumivu. Tulimpa panya dawa kwa mpira mwembamba, tukachovya mkia wake kwenye maji ya moto, na mimi nikahesabu kwa saa ya Dakta mpaka autoe. Akichelewa kuutoa, dawa inatuliza maumivu. Ya vidonda vya tumbo ilikuwa ngumu zaidi: panya ananyimwa chakula, anapewa kitu cha kumchubua tumbo, kisha kundi moja linapewa dawa na kundi jingine maji matupu. Halafu Dakta anawapasua, anatazama kwa kioo cha kukuzia, anataja vidonda, mimi naandika. Kila dawa ilikuwa na chupa yake kwenye friji, yenye namba, na kila jioni Dakta alichora mstari mdogo wa bluu kwenye karatasi ya chupa kuonyesha dawa imefika wapi. Ufunguo wa friji alinipa mimi. Alisema ananiamini, na kweli aliniamini, na hilo lilinikaa shingoni kuliko ule ufunguo.

Chupa namba saba ilikuwa ya Ama Akonaay, mama mzee wa kijiji cha Buger. Ama ni neno letu la heshima kwa bibi, na Akonaay ndiye mwanawe wa kwanza. Alikuwa mfupi, mkavu, mnusa tumbaku, na Kiswahili chake kilikuwa maneno ya sokoni tu. Watu walitoka mpaka Mbulu kumfuata kwa ajili ya tumbo. Shida yake ilikuwa moja. Katibu kata alikuwa amewatuma mgambo kwake mara mbili, wakamwaga vyungu vyake, wakisema anatibu bila kibali. Mradi wetu uliahidi barua: dawa ikifaulu, mganga anatambuliwa na hasumbuliwi tena. Ama alikuja kwa ajili ya barua hiyo. Jina la mti hakulitaja, alisema atalitaja siku atakayoipata. Alileta gome tu, limekatwa upande wa jua linapochomoza na upande linapozama, kwa sababu mti ukibanduliwa pande nyingine unakufa, na ukishabanduliwa hivyo unaachwa upumzike mpaka msimu mwingine. Kisha akaleta tatizo ambalo Dakta hakulitegemea. "Dawa yangu huombwa," akasema kwa Kiiraqw, nami nikatafsiri. "Mgonjwa anakuja mwenyewe, anasema kwa mdomo wake tumbo linamuuma, ndipo namwekea mkononi. Hawa wameomba?" Alikuwa akionyesha panya. Dakta alicheka, mara ya kwanza kumwona akicheka, lakini yule mama hakuwa akitania, alikuwa ameshikilia mfuko wake kifuani. Ikabidi niwaombee. Nikasimama mbele ya masanduku nikasema kwa Kiiraqw, tumbo linatuuma, Ama, tusaidie. Akanitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika, ndipo akaachia mfuko.

Jaribio la kwanza lilimtoa Dakta jasho la furaha. Matumbo ya panya waliokunywa maji yalikuwa yamechubuka vibaya, na ya waliokunywa namba saba yalikuwa laini kama utumbo uliooshwa. Aliniita nitazame na mimi kwenye kioo. Nilitazama, na sikuwaza sayansi hata kidogo, niliwaza tumbo langu. Siku tatu nilijizuia. Siku ya nne, baada ya makande ya mchana, maumivu yalinikamata nikiwa nimeshika ufunguo wa friji, nikanywa kijiko kimoja. Kilikuwa kichungu mpaka masikio yalizibuka. Kisha nikaona ule mstari wa bluu, dawa imeshuka chini yake unywele mmoja, nikaongeza maji yaliyochemshwa na tone la chai ya rangi. Asubuhi yake nikanywa tena. Niseme wazi, sikujiona mwizi. Dawa imeshapimwa, imeshafaulu, kilichobaki ni makapi, ndivyo nilivyojiambia. Nani aliwahi kunieleza kwamba wasomi hupima kitu kilekile mara tatu? Ama Akonaay akimtibu mtu akapona, kwake hilo limekwisha, na mimi nililelewa na watu wa aina hiyo. Kwa wiki tano nilikunywa kijiko kila asubuhi, na moto ukapungua, ukabaki vuguvugu, ukazima. Nilikula makande nikalala usingizi wa mtoto. Nilinenepa mashavu. Lazaro akanitania, "Emiliana, panya wamekuachia chakula chao?"

Halafu Dakta akasema, "Kesho tunarudia namba saba." Jaribio la pili lilikuwa dhaifu, na la tatu, mwezi uliofuata, halikuwa na kitu kabisa, kwa sababu kilichokuwa kwenye chupa kilikuwa chai. Nilikuwa nimeacha kunywa tangu siku ya jaribio la pili, lakini maji hayachujwi kutoka kwenye maji, na kidogo kilichobaki kilichachia humo mwezi mzima. Na gome jipya halikuwepo, mti ulikuwa umepumzishwa. Dakta alipasua panya mmoja baada ya mwingine akitaja vidonda kwa sauti iliyozidi kushuka, na mimi nikaandika kila kimoja kwa mwandiko wangu mzuri. Jioni ile katibu kata alikuja kunywa chai. Nikiwa stoo niliwasikia kupitia mbao. "Huyo mama ana wagonjwa wengi kuliko zahanati yangu," katibu alisema. "Niandikie tu kwamba haina nguvu, mimi nitamalizia." Dakta akajibu kwamba yeye haandikii mtu, anaandika matokeo. "Basi," katibu akasema, "matokeo si ndiyo hayo." Nilisikia kijiko kikizunguka kwenye kikombe.

Wiki iliyofuata Ama Akonaay alifika, ametembea kutoka Buger tangu kabla ya jua. Alikaa kwenye benchi la ofisi, miguu haigusi chini, akauliza barua yake iko wapi. Dakta akanigeukia. "Mwambie taratibu," akasema. "Mwambie dawa haikufaulu. Nasikitika, lakini haikufaulu." Nilifungua mdomo. Ama alikuwa akinitazama usoni, mashavu yangu, mikono yangu, na nilijua kwamba mtu aliyetibu matumbo miaka arobaini anajua kumtambua aliyepona. Mbele yangu kulikuwa na mtu asiyejua Kiiraqw na mtu asiyejua Kiswahili, na katikati yao kweli yote ilikuwa imekaa tumboni mwangu. Nikasema kwa Kiiraqw, "Anasema barua inaandikwa, Ama. Kidogo tu." Akacheka akapiga magoti yake kwa viganja. Dakta akashangaa. "Anacheka nini?" Nikamwambia, ni huzuni, Dakta, wazee wetu wakihuzunika hucheka. Mungu anisamehe, nililisingizia kabila zima. Ama akatoka akiimba kidogo, na pale langoni akaniambia siku barua ikija niilete mimi mwenyewe, atachinja jogoo.

Siku hiyohiyo, kabla kufuli halijafungwa, nilimwendea Dakta nikamwambia yote. Sikupanga maneno, nililia kwanza halafu nikasema. Kijiko, maji, chai, wiki tano. Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Ulipona?" akauliza. Nikasema nimepona. "Baada ya siku ngapi?" Alikuwa ameshavuta daftari na kufungua kalamu, nikaona uso wake umechangamka kama siku ile ya kwanza ya kioo. Nikamwambia siku ya kumi na mbili niliacha kuamka kwa maumivu. Akaandika neno moja, kalamu ikasimama. "Chupa ngapi uligusa?" Moja tu, Dakta, namba saba. "Nani atanithibitishia ni moja?" Hakuwa anafoka, ingekuwa afadhali angefoka. "Ufunguo ulikuwa nao wewe. Nikiandika kwamba chupa moja ilitiwa maji, watu wa Dar watazitupa zote kumi na moja, na mradi utafungwa. Wale waganga kumi waliofaulu na waliokwama, wote kazi yao inakwenda chooni. Na mimi. Na wewe. Sasa niambie, aumie mmoja au tuumie sote?" Alichana ule ukurasa wenye neno moja, akaukunja mara nne. "Jumatatu nitaandika barua yako ya chuo," akasema, kisha akatoka kwenda kufunga lango. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kufuli lile lilikuwa limetufungia wawili. Nimemchukia mtu yule miaka mingi, kisha nikaacha, maana hata mimi dakika ile nilikuwa nikitamani aichane karatasi. Ukitaka kumjua mtu mbaya utamtafuta sana, wengi wetu tumebanwa tu, na aliyebanwa humkanyaga aliye chini yake.

Wiki mbili nilizokaa kabla ya kuipeleka barua ya Ama Buger ndizo nilizowahi kuishi vibaya kuliko zote. Barua yangu ya chuo ilikuwa juu ya meza, imetiwa muhuri. Kando yake ilikuwa ya Ama, na aliyeinakili kwa mkono, pamoja na nakala ya balozi wake wa nyumba kumi na ya katibu kata, nilikuwa mimi, kwa sababu mashine ya kuchapia haikuwa na utepe. Ilisema dawa ya vidonda vya tumbo iliyoletwa na mwanamke huyu imepimwa mara tatu na kuonekana haina nguvu, na kwamba anashauriwa aache kutibu. Nakala tatu, mwandiko uleule. Nilikula vizuri, nililala, tumbo halikuniuma, na nilitamani liniume. Dakta hakutaja tena jambo lile. Tulipopishana koridoni alinipa njia kama ninavyopewa njia sasa na vijana kwa sababu ya uzee.

Lazaro ndiye aliyenipeleka, Jumamosi asubuhi, na Landrova ya mradi. Nilitegemea kumkuta mama mzee peke yake, nimpe bahasha, niseme nitakaloweza, niondoke. Kufika tu nikaona moshi unatoka nyumba ya nyuma, na wanawake wamejaa, na wanaume kwenye viti vya kuazima. Ama alikuwa amevaa kanga mpya, bado ina gundi. Nilikuwa nimemdanganya kwamba barua ya heri inakuja, naye akawaambia majirani, na majirani wakaja. Chumba kilikuwa kidogo, kuta za udongo zimepakwa upya, picha ya Bikira Maria na kalenda ya zamani. Walituketisha mezani mimi na Lazaro na balozi, mzee mmoja mwembamba aliyesoma mpaka darasa la nne enzi za mkoloni na anayesema polepole kama mtu anayehesabu mbegu. Jogoo alikuwa ameshapikwa. Ama aliniwekea paja, akaweka na ugali, akaweka na maziwa ya mgando, akasimama kando kuniangalia nikila. Kila tonge lilishuka bila shida. Wanawake mlangoni walikuwa wakisimuliana wagonjwa wake: yule wa Mang'ola aliyebebwa kwa machela, yule mwalimu aliyekuwa akitapika damu. Mmoja akasema sasa mgambo watapita njia ya mbali. Wote wakacheka. Lazaro aliinama karibu yangu akaninong'oneza, "Dada, mbona hucheki?" Ama alipoona sahani iko tupu alipangusa meza kwa kona ya kanga yake mpya. "Sasa soma," akasema.

Nilifungua bahasha. Niliyaona maneno yangu mwenyewe, herufi nilizozipenda tangu darasa la tatu. Ningeweza kuisoma ilivyo, na ningekuwa sijasema uongo wowote wa karatasi. Ningeweza kuwasomea barua ya sifa, wakapiga vigelegele, na mgambo wangekuja kumaliza mambo siku nyingine, mimi nikiwa chuoni. Nikaanza kusoma kwa Kiiraqw, macho yakiwa kwenye karatasi. Nikasoma kwamba dawa ya Ama Akonaay ilipimwa mara ya kwanza ikaponya. Kwamba msichana wa maabara, Emiliana, alikuwa na vidonda vya tumbo na aliwaficha watu. Kwamba aliiba dawa hiyo, kijiko kila asubuhi, akajaza maji kwenye chupa, na ilipopimwa tena yalipimwa maji. Sauti yangu ilikuwa ikienda mbele yangu na mimi nikiifuata. Kwamba dawa ina nguvu. Kwamba aliyekosa nguvu ni yule msichana. Hapo Ama akaingilia. "Na tumbo?" akasema. Nikamwambia limepona, Ama. Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeletewa habari ya ng'ombe wake aliyepotea, akasema, "Endelea." Lakini sikuwa na zaidi.

Balozi aliweka mfupa wake kwenye sahani akanawa mikono. "Nakala ya barua hiyo imo mfukoni mwangu tangu juzi," akasema kwa Kiswahili. "Haina maneno hayo." Kumbe mzee yule alikuwa ameketi pale, amekula jogoo, akijua kilichoandikwa, akingoja kuona nitafanya nini. Nikasema najua, Balozi, nakala niliiandika mimi. Iliyoandikwa ndiyo ya uongo, niliyosoma ndiyo kweli. Alifikiri. Watu walikuwa wakitazama midomo yetu. "Kweli isiyoandikwa kata hawaipokei," akasema, akaigeuza barua ikalala kifudifudi juu ya meza, akasukuma sahani, akanipa kalamu yake. "Andika nyuma. Yote uliyosoma. Na jina lako, na sahihi, mbele ya watu hawa."

Nilijua karatasi ile ingekwenda wapi. Ingetoka Buger ikafika kata, ikafika kwa Dakta, ikafika Dar, na barua yangu yenye muhuri isingevuka mwezi. Ndivyo ilivyokuwa. Mradi ulifungwa kabla ya Krismasi, madebe ya spiriti yakarudishwa, na waganga wengine kumi hawakupata hata mstari mmoja, na wapo walionilaani mpaka wanakufa, wana haki yao. Dakta hakunifokea. Alinifungulia lango mwenyewe, mchana kweupe, akashika mkoba wangu mpaka barabarani. Ama Akonaay alitibu matumbo mpaka uzee ulipomlaza, na kila mgambo aliyetumwa kwake alionyeshwa ile karatasi na Balozi, akarudi. Mti hakumtajia mtu wa serikali kamwe, na mimi sikumwuliza. Watu wakiniuliza kama najuta nasema najuta, chuo nilikitaka, nimekitaka nikimenya viazi vya watalii miaka thelathini. Lakini siku ile sikuwa najuta bado. Niliandika taratibu, mstari kwa mstari, na Ama alisogea akasimama begani kwangu akifuata kalamu ambayo hakuweza kuisoma. Nilipofika chini kabisa akauliza, "Na hapo unaandika nini?"

"Jina langu, Ama."

"Andika kubwa," akasema. "Balozi macho yake mabovu, na wale wa kata ndio kabisa."